Aliyetumwa Naye Ana Karo ya Kulipa



Sharika zetu za Moshi zinajua kumuaga mtu. Mwinjilisti anayetumwa nje ya nchi hupiga magoti madhabahuni, wachungaji humwekea mikono, kwaya huimba, kisha watu hutoka nje mnadani. Mkungu mmoja wa ndizi hununuliwa, hurudishwa, hununuliwa tena. Siku hiyo fedha hupatikana. Lakini miezi sita baadaye, wakati mwenye nyumba huko ugenini anadai kodi na watoto wanadaiwa karo, bahasha za misioni huku nyumbani zimeshapungua, na jina lake limebaki kwenye maombi tu.

Hilo halifai, hasa kwetu sisi wa Kilimanjaro. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika hapa mwaka 1893. Oktoba 1896, wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru, pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Tukisimulia habari hiyo huwa tunawataja wale wawili. Mimi nasema na wale Wachagga walikuwa wamisionari: walitoka kwao, wakaenda kwa watu wengine kwa ajili ya Injili, wakafia huko. Kutuma watu kulianza mapema hapa kwetu.

Na mwaka 1920 Waingereza walipowaondoa wamisionari hao wa Kijerumani, walimu Wachagga ndio walioendelea kufundisha na kuongoza ibada. Fedha za Ulaya zilikatika, lakini kanisa halikufa. Baadaye Walutheri kutoka Tanzania walianza kukusanyika kwa ibada nchini Kenya, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) likawalea kama sinodi yake hadi mwaka 1992, walipokuwa kanisa linalojitegemea. Kwa hiyo tunaweza. Tatizo letu ni kudumu.

Tena tusiwategemee marafiki wa Ujerumani hata kwa mtu tuliyemtuma sisi wenyewe. Makanisa yao yanapoteza washarika mwaka hadi mwaka. Na mtumishi asiyejua mwezi ujao atakula nini huishia kutafuta wafadhili kwa kuwapiga picha maskini anaowahudumia. Anawadhalilisha wenyeji wake, na tuliomsukuma huko ni sisi.

Hapa Chekereni tuna mpunga wa skimu ya umwagiliaji. Mkulima hana mshahara wa mwezi, ana mavuno, na wakati wa mavuno bei iko chini kabisa. Basi kila kaya itoe kwa mpunga, debe moja au hata nusu. Usharika uuhifadhi ghalani, uuze bei ikipanda, fedha ziwekwe benki kwenye akaunti ya misioni peke yake, na kila mwezi kiasi kilekile kimfikie aliyetumwa. Mhazini asome hesabu mbele ya washarika kila robo mwaka. Watu wa huku hawachoki kutoa. Wanachoka kutoa wasijue sadaka imekwenda wapi.

Kabla ya kutuma kitu kingine chochote, mumuulize kwanza huyo mliyemtuma. Marobota ya nguo kuukuu yanaweza kumgharimu forodhani zaidi ya thamani yake. Waulizeni na wenyeji wake, kanisa lililompokea, maana wao ndio wanaojua kazi inakwama wapi. Na wazazi wake waliobaki Old Moshi au Kibosho, nani anawapeleka hospitali wakiugua? Mtoto wao tumemchukua sisi. Jumuiya ya jirani ibebe jukumu hilo kwa zamu, na impigie simu kumwambia mama amepona.

Wazee wa kanisa mnaonisikia, kabla ya kumuaga mwingine kwa shangwe, kaeni na mhazini wenu wiki hii. Angalieni yule mliyemtuma mwaka jana alipokea fedha mara ya mwisho lini. Kama ni muda mrefu, anzeni na yeye.