Kura sita, ugomvi mmoja

Haya ndiyo niliyowaambia majirani kwenye kikao chetu hapa Lukenya, Machakos. Wengi mmeomba niyaweke hapa. Uzi 👇

1/ Nianze na aibu yangu. Mwaka 2022 mimi na jirani yangu tuliacha kusalimiana kwa miezi minne. Sababu? Urais. Na bado tulikuwa tunanunua maji kwa lori moja na kukwama kwenye tope moja.

2/ Siku moja lori halikuja. Nikabisha kwake kuomba mtungi. Akanipa. Tulipokaa nikamuuliza: hivi MCA wetu ni nani? Hakujua. Mimi pia sikujua! Kumbe sote wawili tulikuwa tumejiandikisha ushago.

3/ Tarehe 9 Agosti 2022 wapiga kura wengi walipewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na MCA. Sisi tukagombania moja. Lakini huduma za maji, barabara za kaunti, zahanati na chekechea, Katiba ya 2010 iliziweka mikononi mwa kaunti.

4/ "Kura yangu haibadilishi kitu." Hebu tupige hesabu. Waliojiandikisha walikuwa milioni 22.1. Waliopiga kura ni kama asilimia 65 tu. Mwaka 2013 walikuwa karibu asilimia 86. Pengo la urais lilikuwa kura 233,000 hivi. Ambao hawakupiga? Zaidi ya milioni 7.

5/ Na huku chini ni pembamba zaidi. Rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote. Gavana na MCA hawahitaji nusu. Anayeongoza, hata kwa kura moja, ameshinda.

6/ "Wote ni walewale." Sawa, labda. Lakini asiyejua jina la MCA wake atamuuliza nani maji yako wapi?

7/ Ombi langu ni moja. Kama unaishi hapa na kura yako iko ushago, nenda ofisi ya IEBC uhamishe kituo mapema, kabla ya Agosti 2027. Utamchagua nani, hiyo ni siri yako na debe.

8/ Mimi na jirani bado hatukubaliani kuhusu urais. Lakini juzi tulienda pamoja kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Tuliuliza swali moja: maji.