Wanafunzi na Wagonjwa Wasiotarajiwa Kupona

Daktari anapotamka kwamba maradhi hayaponyeki tena, kazi ya tiba haijakwisha, bali imebadilika. Ukweli huu ulichelewa kufahamika katika Afrika ya Mashariki. Kwa miaka mingi mgonjwa wa kansa alirudishwa kwao na maumivu yake, na jamaa zake wakaachiwa mzigo ambao hakuna aliyewafundisha namna ya kuubeba.

Ni hali hiyo iliyomfanya Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Uingereza ambaye hapo awali alifanya kazi katika hospisi ya Nairobi, aanzishe Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993. Huduma hiyo ilianzia katika nyumba ndogo ya Hospitali ya Nsambya, kisha ikapata makao yake Makindye, na mwaka 1998 ikafika Mbarara na Hoima. Daktari Merriman alifariki dunia mwezi Mei, 2025, lakini kazi aliyoianzisha inaendelea.

Nguzo ya kazi hiyo ni mofini ya maji. Unga wa mofini huchanganywa na maji, ukatiwa rangi ili nguvu ya dawa itambulikane, na mgonjwa akainywa nyumbani kwake bila ya sindano. Ni dawa ya bei nafuu. Aidha, mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni zake ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya huduma shufaa waruhusiwe kuandika mofini, jambo ambalo hapo zamani lilikuwa la madaktari peke yao. Shabaha ilikuwa wazi: madaktari ni wachache, na maumivu hayamngojei daktari.

Hata hivyo, dawa peke yake haitoshi. Mgonjwa aliyetulizwa maumivu huanza kuwaza mengine: nani atawalipia watoto karo, kama mkewe ataachiwa kiwanja au atafukuzwa na ndugu wa mume, na nani atawaambia wadogo kwamba baba yao hatanyanyuka tena. Anayemuuguza naye, ambaye mara nyingi ni mke, binti au bibi mzee, halali usiku na mchana hapati wa kumpokea. Mambo haya hayatibiwi kwa chupa ya dawa. Yanahitaji mtu wa kukaa, kusikiliza, na kujua ni afisa gani wa kuendewa.

Hapo ndipo nafasi ya mwanafunzi inapoonekana. Wanafunzi wa udaktari wa Makerere wamekuwa wakifundishwa huduma shufaa tangu miaka ya tisini, na tangu mwaka 2008 kimekuwapo kitengo cha huduma hiyo cha Makerere katika Hospitali ya Mulago. Wanafunzi wa uuguzi na wa ustawi wa jamii nao hulazimika kufanya mafunzo ya vitendo kabla ya kuhitimu. Wakipelekwa katika nyumba za wagonjwa pamoja na muuguzi mzoefu, watajifunza lisiloandikwa ubaoni.

Wapo wasemao kwamba mwanafunzi ni mzigo, kwani hajui kitu na atawasumbua wafiwa watarajiwa. Wapo pia, kwa upande wa pili, wanaomwona kuwa mfanyakazi asiyelipwa wa kuziba pengo la wauguzi. Fikra zote mbili zina kasoro. Mwanafunzi si muuguzi, wala asiachwe peke yake na uamuzi wa dawa. Lakini anaweza kumgeuza mgonjwa kitandani, kuandika maumivu yalivyozidi au kupungua, na kumpa mwangalizi saa mbili za usingizi.

Kwa hiyo masharti ni ya lazima. Jamaa waombwe ruhusa kwanza, kwa lugha wanayoielewa, na wakikataa waheshimiwe. Siri za nyumba zibaki nyumbani humo. Umaskini wa mgonjwa usigeuzwe maonyesho ya wageni. Muda wa mafunzo ukikaribia kwisha, familia iambiwe mapema, maana kutoweka ghafla kwa mtu iliyemzoea ni msiba juu ya msiba. Chuo nacho kitoe nauli na msimamizi, tena kimsikilize mwanafunzi aliyefiwa na mgonjwa wake wa kwanza, kwani kijana wa miaka ishirini na miwili naye ana moyo.

Faida ya mpango wa namna hii haiishii katika nyumba iliyotembelewa. Mwanafunzi wa leo ndiye daktari wa wilaya wa kesho. Asiyewahi kuona mofini ikitumiwa vizuri ataiogopa, ataifungia kabatini, na wagonjwa wake watakufa wakilia hali dawa ipo. Aliyekwisha kuona mgonjwa akipata usingizi baada ya majuma ya mateso hatahitaji kushawishiwa tena.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba hizi mwenyeji hataponywa ugonjwa wake, na mgeni asiahidi hivyo. Lakini kupona kuna namna nyingi, na mojawapo ni kufa bila ya maumivu, mbele ya watu wasiomkimbia. Vyuo vinavyojivunia kutoa wataalamu vina wajibu wa kuwafundisha wataalamu hao kutokimbia.