Taa wa Madoa: Buruta Mguu, Usikanyage



Leo nataka tuzungumze juu ya taa. Sisemi ile taa ya chemli tuliyosomea jioni. Nasema taa samaki, yule bapa kama chapati, mwenye madoa ya buluu mgongoni.

Huyu yuko pwani kwetu, na yuko toka Bahari ya Shamu hadi Afrika Kusini. Si mkubwa. Upana wake ni kama sentimita 35 tu. Hana mifupa migumu; mwili wake umeshikwa na kitu laini kama cha sikio lako. Mdomo uko chini, macho yako juu. Nyuma ya macho ana matundu mawili. Hapo ndipo huvuta maji ya kupumua, asije akameza mchanga.

Maji yakijaa, hutoka mwambani kwenda mchangani kutafuta kaa, kamba na minyoo. Maji yakipwa, hurudi kujificha chini ya mwamba. Basi, sisi nasi maji yakipwa ndipo tunapokwenda kutafuta pweza. Tunakutana naye!

Taa hana ugomvi. Akituona hukimbia. Lakini akikanyagwa hupiga mkia, na mkiani mna mwiba mmoja au miwili yenye sumu. Kwa hiyo usinyanyue mguu. Buruta mguu mchangani polepole. Atasikia mtikisiko, atakwenda zake. Wala usitie mkono katika shimo la mwamba. Tumia kijiti.

Je, mtu akichomwa? Atoke majini, aoshe kidonda. Kisha atie mguu katika maji ya moto ya kuvumilika, yasiyounguza. Mtu mwingine ayapime kwanza kwa mkono. Akae hivyo nusu saa hadi saa moja na nusu, maumivu yatapungua. Halafu aende zahanati, maana huenda kipande cha mwiba kimebaki ndani, tena apate sindano ya pepopunda. Mwiba ukiingia kifuani, tumboni au shingoni, msiung'oe. Mkimbizeni hospitali.

La mwisho: taa hatagi mayai baharini. Huzaa watoto, nao hawazidi saba kwa uzazi mmoja. Tukiwaua ovyo, watakwisha upesi.

Basi tukienda pwani tukumbuke: buruta mguu. Wewe utapona, na taa naye atapona.