Mikono Ile Ile: Juu ya Asili ya Kompyuta za Nyumbani za Uingereza

Nisingelizungumzia somo hili lau si rai moja iliyoenea mno, kwamba kompyuta za nyumbani za Uingereza zilizaliwa na uhasama wa watu wawili wa Cambridge, Clive Sinclair na Chris Curry, waliofanya kazi pamoja, wakatengana, na hatimaye, Desemba 1984, wakashikana katika baa ya Baron of Beef kwa sababu ya tangazo la gazetini. Ni kisa kitamu, nacho kimetengenezewa hata filamu. Walakini utamu wa kisa si hoja.

Tuanze na tarehe. BBC Micro ya Acorn, kampuni ya Curry, ilitoka Desemba 1981, na Spectrum ya Sinclair Aprili 1982. Basi vipi ugomvi wa 1984 uwe chanzo cha mashine hizo? Watetezi wa rai hii hujibu kwamba uhasama ulianza zamani, tangu Curry alipoiasisi Acorn pamoja na Hermann Hauser mwaka 1978. Haya, tukubali. Lakini Curry aliondoka na nini? Aliondoka na maarifa ya MK14, mashine ya kampuni ya Sinclair ambayo mpango wake ulitoka kwa National Semiconductor ya Marekani. Fauka ya hayo, chipu za Ferranti zilizoishusha ZX81 ya Sinclair hadi chipu nne, kutoka ishirini na moja za ZX80 iliyoitangulia, zimo pia ndani ya BBC Micro, ilhali tunaambiwa kwamba pande hizi mbili hazikushirikiana hata kivuli. Ni kama mifongo yetu, ile mifereji ya maji ya mlima Kilimanjaro: wenye mashamba huteta usiku kucha juu ya zamu, na maji yote yametoka mto mmoja.

Ushahidi wa mto huo mmoja niupendao kuliko wote ni kitabu cha mwongozo wa Spectrum, kilichoandikwa na Steven Vickers. Mjomba wangu aliporudi Old Moshi kutoka masomoni alikuja na kitabu hicho pasipo mashine yake, kwa kuwa marufuku ya serikali ya 1974 ilikuwa ingali ikizuia kompyuta kuingia Tanzania. Nami nikakisoma kwa kandili, nikiandika programu kwenye daftari na kuzikokotoa kwa kichwa. Ni kitabu cha adabu. Hakimdharau msomaji wala hakimfichi kitu: kinamchukua kutoka amri ya PRINT hadi ndani kabisa ya kumbukumbu, kinamwonyesha kwamba picha ya skrini huanzia anuani 16384, na mwandishi haoni haya kukiri kwamba mpangilio wa picha hiyo ni wa ajabu. Ni nani leo anayekiri hivyo katika kitabu cha bidhaa?

Baadaye nikaupata mwongozo wa Jupiter Ace, mashine iliyotoka mwaka huo huo wa 1982 kushindana na Spectrum, nikalikuta jina lile lile. Vickers, aliyeandika sehemu kubwa ya BASIC ya Spectrum, na Richard Altwasser, aliyebuni vyuma vyake, waliondoka mara tu kazi ilipokwisha wakaunda mashine yao wenyewe, yenye chipu ya Z80 kama ile waliyoiacha, isipokuwa lugha yake ni Forth. Hapa pana mshindani bila uhasama.

Sikatai kwamba ushindani wa bei ulikuwa na nguvu: ZX81 iliuzwa pauni 69.95, na BBC Micro ya daraja la juu ilipata kufika pauni 399, na tafauti hiyo haikutoka hewani. Hata hivyo bei humwambia fundi apunguze. Haimfundishi namna ya kupunguza. Hilo hufundishwa na fundi mwenzake, naye aghalabu ni yule aliyehama.

Na kwetu je? Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga ICT 1500, tukaambiwa ni kompyuta ya Kiingereza, kumbe ni RCA 301 ya Marekani iliyobadilishwa jina. Watetezi wa ngumi za Baron of Beef na wanionyeshe ni kina nani waliopigana hata ikapatikana hiyo.