Tangi Linalovuja katika Gari Kuukuu la Chama



Kidete ni kituo cha Reli ya Kati, baina ya Kilosa na Gulwe, katika bonde la mto Mkondoa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalipoibomoa reli katika sehemu hiyo, ilidhihirika jinsi watu wa huko wanavyohitaji chombo kingine cha kusafiria. Si ajabu, basi, kwamba katika sehemu za namna hiyo gari la zamani huendelea kuthaminiwa, hasa Land Rover za muundo uliotengenezwa tangu 1948 mpaka 1985. Injini yake haimtishi fundi wa kawaida. Lakini bati la tangi lake haliishi umri wa injini, na chama kinachomiliki gari kama hilo hakina budi kujua la kufanya siku tangi linapoanza kuvuja.

Dalili ya kwanza aghalabu haionekani chini ya gari, bali katika daftari la safari. Kilomita ni zile zile, mafuta yamezidi. Hapo wajumbe humtazama dereva kwa jicho baya, na mtu aliyelitumikia gari la chama miaka mingi huitwa mwizi mbele ya mkutano. Pengine ni mwizi kweli. Lakini tuhuma hiyo haifai kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano kabla ya tangi lenyewe kupimwa.

Tone la petroli ni dogo kuliko tone la maji. Kwa makadirio, matone 50 hufanya mililita 1. Tangi likidondosha tone moja kila sekunde, kwa siku moja hutoka matone 86,400, yaani lita 1 na robo tatu hivi. Kwa siku 30 ni zaidi ya lita 50. Tangi la Land Rover fupi, lile lililo chini ya kiti cha dereva, huchukua lita 45 tu. Kwa hiyo tangi zima hupotea kila mwezi, na ardhini pasionekane dimbwi, maana petroli hukauka upesi na kuacha doa tu.

Namna ya kupima ni rahisi. Gari lisimamishwe mahali tambarare jioni, mafuta yapimwe kwa kijiti kilichotiwa alama, mfuniko ufungwe mbele ya mashahidi wawili, na asubuhi yapimwe tena. Jambo hili lirudiwe kwa usiku kadhaa. Tundu lililo ubavuni mwa tangi huvujisha mpaka mafuta yanapofika usawa wake, kisha huacha. Mafuta yakipungua kila mara hadi alama ile ile na kukoma hapo, aliyeyachukua ni kutu. Mwizi hana kawaida ya kuacha kwenye alama moja. Tena ikumbukwe kwamba yapo matangi yasiyovuja hata kidogo gari likiwa limesimama. Mshono wake hufunguka pale tu gari linapotikiswa na mawe na makorongo. Tangi la namna hiyo lichunguzwe mara gari linaporudi safari, kabla vumbi lililolowa halijakauka.

Kutu huanzia pande mbili. Nje, matope hukwama baina ya tangi na chuma kinacholishikilia, yakahifadhi unyevu masika yote. Ndani, maji huingia pamoja na mafuta ya madumu, au kwa mfuniko uliolegea wakati wa kuvuka mito, yakazama chini ya petroli na kukaa katika mshono wa chini. Boliti ya kumwagia mafuta iliyoko chini ya tangi iliwekwa kwa ajili hiyo pia, nayo ni wachache wanaoikumbuka.

Sasa yafuata jambo zito. Gari likiwa njiani na tundu likiwa dogo, dereva hulisugulia sabuni ya kipande, naye hafanyi kosa, kwani sabuni haiyeyuki katika petroli. Hiyo ni dawa ya kulifikisha gari nyumbani. Kinachoua ni hatua inayofuata, pale tangi linapofunguliwa, likamwagwa mafuta na kupelekwa kwa fundi wa kuchomelea likiwa “tupu”. Tangi lisilo na mafuta si tupu. Limejaa mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo hulipuka mvuke ukiwa sehemu moja na nusu hivi mpaka saba katika mia. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi kali kuliko ya barafu, sembuse katika joto la Kilosa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kujificha katika shimo la gereji, ukingoje cheche. Wakazi wa Mkoa wa Morogoro hawahitaji kuelezwa sana juu ya moto wa petroli: tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lililopinduka liliwaka na kuua watu zaidi ya 100.

Wako mafundi wanaosema kwamba wakiliosha tangi kwa maji ya moto na magadi hatari huisha. Hupungua, haiishi. Petroli iliyonywewa na kutu na ile iliyojificha katika mshono hugeuka mvuke upya moto unapoligusa bati. Ndiyo maana chama kisikubali tangi la petroli kuchomelewa kwa gesi wala umeme katika gereji ya kawaida, hata kama bei ni nafuu na fundi ni ndugu wa mwenyekiti.

Basi litengenezwe au libadilishwe? Tangi likiisha kutolewa na kuoshwa, lisuguliwe nje kwa brashi ya waya, kisha ncha ya bisibisi ikandamizwe kuzunguka tundu. Bati likiwa gumu, na tundu likiwa moja, laweza kuzibwa kwa gundi ya chuma isiyoharibiwa na petroli. Kisha tangi lijazwe maji, lifutwe kavu na kuwekwa juu ya karatasi usiku kucha. Karatasi ikilowa, kazi haijaisha. Bisibisi ikizama, au mshono ukiwa umeliwa kwa urefu wa kiganja, fedha ya kuziba ni fedha iliyotupwa. Matangi mapya ya Land Rover hizo bado yanatengenezwa na watengenezaji wa vipuri, na bei zake ziulizwe kwa maandishi kwa wauzaji zaidi ya mmoja.

Njia ya tatu, inayopendwa na madereva, ni kuliacha tangi na kuweka dumu la petroli ndani ya gari, pamoja na mpira wa kupeleka mafuta kwenye injini. Abiria huketi kando ya dumu hilo, pengine mmoja wao akivuta sigara. Bodi inayojua jambo hilo na kunyamaza imelikubali.

Gharama ya tangi jipya huandikwa katika matengenezo ya gari, wala haiongezwi katika thamani ya mali ya chama, kwa sababu gari ni lile lile. Mafuta yaliyopotea yaandikwe kuwa hasara ya uvujaji, na karatasi ya vipimo vya usiku iambatishwe, ili mkaguzi asikute pengo lisilo na maelezo na dereva asibaki na doa katika faili lake. Tangi la zamani nalo ni mali ya wanachama. Lisikatwe kuwa jiko wala pipa la maji. Lijazwe maji kabla ya kukabidhiwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu, na stakabadhi ya mauzo iingizwe kitabuni siku hiyo hiyo.