Ni Nani Apikaye?

Ndugu Walimu wa Bukoba na Muleba,

Kuanzia Novemba 1982 hadi Juni 1984, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilionyesha vipindi 12 vya kichekesho kiitwacho "The Young Ones". Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo. Wananchi wa Kagera waliwacheka Pwagu na Pwaguzi redioni. Hata hivyo kisa chenyewe si kigeni kwenu.

Wanafunzi wanne wanaishi nyumba moja. Vyvyan, anayesomea udaktari, huvunja kuta. Mike hujiona mkubwa wa wote. Rik hujiita mpinga dola na mtetezi wa umma, lakini sahani haoshi. Anayepika dengu ni Neil, mpole asiyeshukuriwa na mtu. Rik Mayall na Ben Elton, waliokitunga pamoja na Lise Mayer, walisoma Chuo Kikuu cha Manchester, na bila shaka walikwisha kumwona huko mwanamapinduzi wa aina hiyo. Nani asiyemjua?

Tangu shule za sekondari za kata zilipoenea kufuatia mpango wa elimu wa 2004, wanafunzi wengi watokao mbali hupanga vyumba karibu na shule. Humo nako yumo Neil: mtoto ateremkaye kisimani alfajiri, amenyaye ndizi na kuchochea kuni, kisha afike darasani amechelewa, aadhibiwe. Wenzake waliokula chakula chake wamekwisha kuketi. Daftari la mahudhurio halisemi nani alipika. Lakini mwalimu atakayebisha hodi chumbani mwao saa kumi na mbili jioni ataona ni mikono ya nani yenye masizi.