Tunguu la Majini Hulala, Halifi

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mimea ya majini inayoota kutoka katika tunguu, na jinsi ya kuiotesha nyumbani katika chombo cha kioo. Pengine mzee mmoja atauliza, "Hilo litatufaa nini sisi wakulima wa mtama na uwele?" Nisikilizeni kwanza, kisha ninyi wenyewe mtatoa hukumu.

Kwanza, tunguu ni nini? Kila mama anajua kitunguu. Ni chakula ambacho mmea umejiwekea chini ya udongo. Mmea mwingine hujiwekea chakula katika kiazi. Mabingwa wa mimea hutenga tunguu na kiazi, lakini wafuga samaki wa kioo huviita vyote tunguu, na katika somo hili nasi tutafanya hivyo.

Sasa fikirini dimbwi la msimu. Kwetu Singida mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba, na mwezi wa Aprili huwa inakwisha. Dimbwi hujaa, kisha hukauka, na udongo hupasuka. Mtu akipita mwezi wa Septemba atasema hakuna kitu hapa. Lakini katika madimbwi ya namna hiyo, mahali pengi pa Afrika Mashariki, mna matunguu yamelala ndani ya udongo. Mmoja wa mimea hiyo huitwa aponogetoni. Majani yake marefu huelea juu ya maji, na maua yake husimama juu kama kishada kidogo. Mwingine ni yungiyungi. Uko yungiyungi wa maua ya buluu, ambayo hufunguka mchana, na uko wa maua meupe, ambayo hufunguka usiku.

Tunguu ni kihenge cha mmea. Sisi hujaza kihenge wakati wa mavuno ili tule wakati wa kiangazi. Mmea nao hujaza tunguu wakati wa maji, ili uishi wakati wa ukame. Majani hufa, lakini kihenge kimebaki.

Haya, tuoteshe. Tafuta chombo cha kioo chenye mdomo mpana. Kama huna, ndoo au beseni litafaa, ila hutaona mizizi. Osha mchanga mpaka maji yake yatoke meupe, kisha uweke mchanga huo chini ya chombo, unene wa vidole vinne.

Tunguu lichimbwe wakati dimbwi limekauka. Nasema hivyo kwa sababu kubwa. Katika maji ya madimbwi na malambo huweza kuwamo konokono wanaoeneza kichocho, na vidudu vyake hupenya katika ngozi ya mtu aliyesimama majini. Tena watoto huzama. Basi usimtume mtoto kuingia majini kutafuta tunguu. Nalo ua halina thamani ya kulipia ugonjwa.

Libonyeze tunguu kwa kidole. Likiwa gumu, ni zima. Likiwa laini na kunuka, limeoza. Tafuta jicho lake, yaani mahali panapotoka chipukizi, uliweke juu. Fukia nusu tu ya tunguu, nusu nyingine ibaki nje, maana likifukiwa lote laweza kuoza. Weka sahani juu ya mchanga, umimine maji ya kisima au ya mvua polepole juu ya sahani hiyo, ili mchanga usitibuke.

Weka chombo mahali penye mwanga, lakini si kwenye jua kali la mchana, maana maji yatapata moto na kugeuka kijani. Funika mdomo kwa kipande cha chandarua, ukifunge kwa kamba. Usiposahau jambo jingine, usisahau hilo, kwani maji yaliyotulia ni nyumba ya mbu, na mbu huleta malaria.

Baada ya siku kadhaa, au majuma kadhaa, utaona chipukizi. Jani la kwanza likitoka, waite watoto. Hapo wataona kwa macho yao mizizi ikishuka na majani yakipanda, jambo ambalo shambani limefichwa na udongo.

Sasa nasema jambo ambalo wengi hukosea, nami ni mmoja wao. Baada ya miezi kadhaa majani huanza kuwa ya manjano, yakafa moja moja. Tunguu langu la kwanza lilipofanya hivyo, nilidhani limekufa. Nikalitupa nyuma ya nyumba, chini ya mfereji wa bati. Mvua zilipoanza, maji yakatuama pale, na asubuhi moja nikakuta majani mawili mabichi. Nilicheka, kisha nikaona haya. Mimi afisa elimu nilikuwa sijui kutofautisha kulala na kufa.

Basi majani yakifa, litoe tunguu, ulibonyeze. Likiwa gumu, lizike katika mchanga wenye unyevu kidogo, mahali pa giza, kwa miezi 2 au 3. Kisha lirudishe majini. Litaamka.

Lakini uhodari huo wa kutokufa una upande wa pili. Ukichoka na mmea wako, utautupa wapi? Kwenye lambo? La, hasha! Hasa ukiwa ni mmea wa kigeni uliopewa na rafiki wa mjini.

Sikilizeni habari ya gugu maji. Kwao ni Amerika ya Kusini. Ua lake ni zuri, rangi ya zambarau, na kwa sababu ya uzuri huo watu waliuchukua nchi nyingi kupamba madimbwi ya bustani. Mwisho wa miaka ya 1980 ulionekana katika Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1990 ulifunika ghuba nyingi za ziwa hilo. Mitumbwi ilishindwa kupita, na wavuvi wakakosa njia ya kwenda kazini. Wadudu wanaokula mmea huo waliletwa, wakaupunguza sana, lakini haukwisha. Mbegu zake hukaa matopeni miaka mingi.

Chukueni kalamu, tufanye hesabu. Penye joto na chakula kingi, gugu maji laweza kuongezeka mara mbili kwa majuma 2 hivi. Anza na mmea 1. Baada ya majuma 2 ni 2, kisha 4, kisha 8, kisha 16. Endeleeni mpaka majuma 20. Jibu ni 1,024. Ndiyo kusema, mmea mmoja uliotupwa lamboni wakati wa mvua za kwanza ungeweza kuwa zaidi ya elfu moja kabla ya mvua kwisha. Na lambo ni maji ya ng'ombe wetu, tena kwa wengine ni maji ya nyumbani.

Kwa hiyo, mmea usioutaka uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha uuchome moto. Usiutupe mtoni, wala lamboni, wala dimbwini.

Ndugu zangu, mzee wetu aliuliza jambo hili litatufaa nini. Jibu langu ni hili. Chombo kile cha kioo kitatufundisha kutazama kabla ya kutupa. Kilicholala tusikidhani kimekufa, na kinachopendeza tusikidhani hakina madhara. Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini tunguu linafananishwa na kihenge?
2. Utajuaje kama tunguu limelala au limeoza?
3. Kwa nini tunafunika chombo kwa chandarua?
4. Fanya hesabu ya gugu maji kutoka mmea 1 mpaka majuma 20. Andika kila hatua.
5. Katika kijiji chenu, nani hutunza lambo? Mwaweza kumsaidia kwa njia gani?